Barua ya wazi kwa wapangaji wa barabara za vijijini: njia ya miguu mmeiweka wapi?

Kwa:
Wahandisi, maofisa mipango na viongozi mnaosimamia barabara za vijijini,
Mkoa wa Dodoma.

YAH: WAENDA KWA MIGUU NA WAENDESHA BAISKELI KUACHWA NJE YA MIPANGO YA BARABARA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shukrani kwanza, maana zinastahili. Barabara imefika. Gari la wagonjwa linaingia zahanati bila kusukumwa, gunia la mahindi linafika soko la Kibaigwa siku hiyohiyo, na mgeni akitoka mjini hatuulizi tena atalala wapi mvua ikimkuta njiani. Hakuna mtu kijijini kwetu anayetaka barabara irudishwe ilikotoka.

Ila tuna malalamiko, na hatukukimbilia kuyaandika hadharani. Tulianzia kitongojini, tukaenda serikali ya kijiji, tukapanda kwa mtendaji wa kata, tukafika wilayani. Nakala zetu zote zina muhuri wa "imepokelewa", na kwenye muhuri ndipo safari yake ilipoishia. Mhandisi mmoja alikuja, akapima, akaandika kwenye daftari, akaaga vizuri. Tulipofuatilia tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Sitaji ofisi wala wilaya kwa jina. Wenye barua zetu kwenye mafaili watajitambua, na wasio nazo wajue kuwa yanayotusibu sisi yanaweza kuwa yanavisibu vijiji vilivyo chini yao pia.

Mimi ni fundi baiskeli na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kibanda changu kiko kando ya barabara, chini ya mwarobaini, kwa hiyo wanaopita nawaona na vinavyovunjika vinaletwa kwangu. Haya ndiyo tunayoyalalamikia.

1. Barabara ilipopanuliwa, njia zetu zilimezwa.

Barabara ya zamani ilikuwa ya vumbi na mashimo, lakini kila upande ilikuwa na kijia kilichokanyagwa na watu wenyewe kwa miaka mingi. Greda lilipopita, vijia vyote viwili viligeuka mtaro. Lami ikawekwa mpaka karibu na ukingo wa mtaro, kazi ikakabidhiwa. Leo mwenda kwa miguu ana mahali pawili pa kuchagua: juu ya lami pamoja na mabasi, au mtaroni pamoja na chupa zilizovunjika.

Mwangalieni mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani. Hawezi kugeuza shingo. Akitaka kuona kinachokuja nyuma yake inabidi ageuke mwili mzima, na akigeuka maji yanamwagika, na maji yenyewe ameyapangia foleni tangu alfajiri. Kwa hiyo hageuki, anasikiliza tu. Sasa upepo wa Dodoma mnaujua unavyovuma mwezi wa nane. Lori likija kutoka kule upepo unakoelekea, halisikiki mpaka limeshafika.

Mwenye baiskeli naye ana lake. Amefunga madumu ya maji au gunia la mkaa kwenye keria, baiskeli ni nzito, usukani unacheza. Basi linapiga honi moja ndefu, na sote tunajua maana yake ni "toka". Anatoka. Gurudumu la mbele linashuka kwenye ukingo wa lami ulioliwa na maji, sehemu nyingine kimo chake kinafika kiganja cha mtu mzima. Rimu inapinda, spoki zinakatika upande mmoja, na akiniletea baiskeli sina haja ya kumuuliza ameangukia wapi.

Najua tutaambiwa nafasi haitoshi. Nafasi ipo, tena kwa sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, yaani mita 60 kwa jumla. Ndiyo iliyowaleta vijana wenye kopo la rangi kuandika X kwenye kuta zetu. Watu walibomoa vyumba vyao kupisha hifadhi hiyo, na pale palipobomolewa leo pameota mbigili. Ukijumlisha lami, mabega ya barabara na mitaro yote, hufikishi hata nusu ya mita hizo. Sisi tunaomba mita 2 kila upande, ng'ambo ya mtaro. Hatuombi lami. Udongo ulioshindiliwa na kusawazishwa unatutosha.

2. Mwendo wa magari ndani ya kijiji.

Sheria ya Usalama Barabarani inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kibao kipo mwanzo wa kijiji, kingine kiko mwisho, na katikati hakuna kinachomlazimisha dereva kukumbuka kibao alichokipita. Trafiki akiwepo kila mtu ana adabu. Asipokuwepo, shule ya msingi inapitwa kama pori.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba gari likipandisha mwendo kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya mwenda kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara 4.5. Hizo kilomita 15 ndizo dereva huziona si kitu. Kwa sababu hiyo mbele ya shule na zahanati tunaomba mwendo uwe 30, na usibaki kwenye kibao peke yake.

Dawa yake imeshajaribiwa hapahapa nchini. Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likiboresha mazingira ya shule za msingi kwa programu inayoitwa SARSAI: kijia cha miguu hapa, matuta pale, kivuko, nguzo za kuzuia magari, na kwingine geti la shule kuhamishwa tu lisifungukie barabara yenye magari mengi. Utafiti uliofanywa ulionyesha watoto wanaoumia walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 programu hiyo ikashinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Gharama yake ni ya rangi, zege kidogo na mtu wa kwenda kuangalia watoto wanavukia wapi.

Nina neno moja la kifundi hapa. Mkiweka matuta au rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, tafadhali msiyafikishe mpaka ukingoni kabisa. Acheni upenyo wa baiskeli kupita. Rasta zinazomeza upana wote wa barabara zinamfanya mwenye mzigo azikwepe kwa kuingia katikati, mahali ambapo hatukutaka aende.

3. Maji ya barabara yanamwagwa kwenye njia za watu.

Mvua za Dodoma ni chache, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa ghadhabu. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kujaa jioni hiyohiyo. Ninyi wahandisi mnalijua hili kuliko mimi, ndiyo maana mmejenga makalavati. Ninachouliza ni maji yakishatoka kwenye kalavati yanaenda wapi.

Kwetu yanaenda kwenye njia ya sekondari. Kalavati lilielekezwa pale njia ilipo, labda kwa sababu kwenye mchoro njia haikuonekana. Masika ya kwanza yalichimba kifereji, ya pili yakachimba shimo la kuzika mtu, na sasa ni korongo. Kila mwaka linasogea karibu na shamba la alizeti la jirani yangu. Mkoa huu una historia ndefu ya ardhi kuliwa na maji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo ya Kondoa. Ingekuwa ajabu leo tuchimbe mengine mapya kwa fedha za barabara.

Maji yakijaa, gari linasubiri au linazunguka. Mtoto wa kidato cha pili hazunguki, maana hakuna pa kuzungukia. Anavua viatu, anashika mkono wa mwenzake, anavuka, au anakosa shule. Ukienda madarasani wiki za mvua kubwa utaona madawati ya wanaotoka ng'ambo yako wazi.

Daraja la waenda kwa miguu halihitaji mkandarasi kutoka mbali. Kigoma yamejengwa madaraja ya mawe ya upinde, kwa mawe ya hukohuko na mafundi wa hukohuko, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Kama kuna kitu Dodoma haijawahi kupungukiwa, ni mawe.

4. Hatuhesabiwi.

Hili ndilo mzizi wa yote niliyotangulia kusema, kwa hiyo mnivumilie nikilirefusha.

Kabla barabara haijatengenezwa, watu huja kuhesabu magari. Nimewaona wamekaa kwenye viti wakiweka alama: basi, lori, gari dogo, pikipiki. Hesabu hiyo ndiyo inayosaidia kuamua barabara ipewe hadhi gani, upana gani na fedha kiasi gani. Waliponikalia karibu, watu waliokuwa wakipita mbele yao kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mikokoteni ya punda na kwa maguta walikuwa wengi kuliko magari. Wengi wao hawakuandikwa popote. Mtu ambaye hayumo kwenye hesabu hawezi kuwemo kwenye mchoro, na asiyekuwemo kwenye mchoro hana fungu kwenye bajeti. Ndivyo mtaro ulivyochimbwa juu ya kijia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Na hapo tunazungumzia wanaopita barabarani tu. Safari nyingi za kijijini hazigusi barabara hata kidogo. Kisimani, kuni, shambani, mashine ya kusaga, kanisani, msikitini, zahanati: hizo ni njia za kukata vichakani, na wanaozipita kwa wingi ni kina mama. Nchi hii iliwahi kulitambua hilo mapema kuliko wengi. Miaka ya 1980, wilayani Makete, ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Iringa, Shirika la Kazi Duniani pamoja na serikali yetu waliingia majumbani wakauliza watu wanakwenda wapi, wanabeba nini, nani anabeba. Wakakuta mzigo wa kijiji hauko kwenye malori, uko vichwani mwa wanawake na unapita kwenye vijia. Mradi ukatengeneza vijia na vivuko vya miguu, ukahimiza na matumizi ya punda. Wataalamu wa nchi nyingine wameusoma mradi ule. Sisi tuliouzaa tunahesabu malori.

Sisemi malori yasifikiriwe. Jiji la Dodoma linazungukwa na barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, njia nne, ili magari ya safari ndefu yasiingie katikati ya mji. Ni mpango mzuri. Mtu alikaa akajiuliza lori linatoka wapi na linakwenda wapi, akalichorea njia yake. Mwanafunzi naye anatoka mahali na anakwenda mahali, tena saa ileile kila siku. Kumpangia ni rahisi kuliko kulipangia lori.

5. Hili ni suala la afya.

Kwa upande wa mazoezi, vijijini tulikuwa tumejaliwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate walau dakika 60 za mwili kufanya kazi kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa wiki. Watu wa mjini wanalipia jimu. Mtoto wetu anazipata kabla ya paredi ya asubuhi. Lakini mzazi akiona barabara inatisha, anamtafutia bodaboda, na bodaboda huwapakia watatu. Basi kile kilichokuwa bure na chenye afya kinageuka gharama na hatari. Wauguzi wa zahanati yetu wanasema presha na sukari hazisubiri tena watu wa mjini. Sitaki kuwasemea zaidi ya hapo.

Halafu kuna vumbi na jua. Kwenye kipande cha moramu, gari moja likipita kiangazi, anayetembea kando yake analimeza vumbi mpaka litulie. Kijia kikisogezwa ng'ambo ya mtaro na kupandwa miti upande wa nje, vumbi linapungua na kivuli kinapatikana. Mwarobaini unahimili ukame wetu, kila mtu anajua. Atakayepanga njia ya miguu Dodoma bila kufikiria kivuli hajawahi kuitembea saa nane mchana.

6. Mbigili.

Njia ikiachwa bila kufyekwa inajaa mbigili na miiba ya migunga. Mbigili zinanilisha, nakiri. Pancha ndiyo mkate wangu. Hata hivyo mwanafunzi anayeziba pancha kila mara mwishowe baiskeli anaitundika. Kuna wanakaya wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanaofanya ajira za muda hapahapa kijijini. Kufyeka na kusawazisha njia ya shule ni kazi inayowafaa.

Waheshimiwa, majibu mtakayotupa tunayakisia, kwa sababu mengine tumeshapewa kwa mdomo.

"Bajeti haitoshi." Haijawahi kutosha, na hatutarajii itoshe mwaka huu. Tunachouliza ni mgawanyo. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kuna watakaosema mwenda kwa miguu hanunui mafuta. Ananunua: yamo ndani ya bei ya sukari iliyoletwa na lori, ya dawa dukani, na ya nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Kisha kijia cha mita 2 kikiwekwa kwenye mkataba greda likiwa bado lipo eneo la kazi, ni nyongeza ndogo. Kikija kuombwa baada ya mkandarasi kuondoka, kinakuwa mradi mpya.

"Barabara ile si yetu, ni ya wenzetu." Tunajua nyingine ni za taifa, nyingine za mkoa, nyingine za wilaya. Mtoto anayetoka kitongojini anapita zote tatu kabla ya kengele. Kaeni meza moja mgawane, sisi mtuambie tu nani amechukua kipi.

"Wananchi wenyewe hawafuati sheria, baiskeli hazina taa wala breki." Hapa mna haki, na sitawatetea. Niachieni mimi sehemu hiyo. Halmashauri ya kijiji imekubali nikague baiskeli za wanafunzi kila mwanzo wa muhula bila malipo, na riflekta tutachangishana wenyewe. Nanyi fanyeni ya kwenu.

"Baiskeli ni mambo ya kizamani, subirini kila mtu awe na pikipiki." Hili lilisemwa kwa utani, nikacheka kwa heshima. Binti wa kidato cha kwanza hatakuwa na pikipiki, na bibi wa miaka 70 hataiendesha.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Waenda kwa miguu, baiskeli, maguta na mikokoteni wahesabiwe kama magari yanavyohesabiwa, siku ya mnada na siku ya shule, asubuhi wakati wa kwenda na alasiri wakati wa kurudi. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wako tayari kuifanya kazi hiyo mkiwapa fomu.

(b) Kila mchoro wa barabara inayopita kijijini uletwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kutangazwa zabuni, na uwe umeonyesha njia ya miguu, mahali pa kuvukia na mahali maji yatakapotokea. Mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unataka miradi ianzie kwa wananchi. Na huu uanzie huko.

(c) Kijia cha mita 2 kila upande kwenye eneo la makazi, kuanzia shule ya msingi hadi zahanati. Hicho ndicho kipande cha kwanza tunachokitaka. Vingine vifuate fedha zikipatikana.

(d) Rasta au matuta, kivuko na mwendo wa kilomita 30 mbele ya shule, kabla shule hazijafunguliwa Januari.

(e) Kalavati lililoelekezwa njia ya sekondari lirekebishwe kabla ya mvua za Desemba, na daraja la mawe la miguu liingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mawe, mchanga na nguvu kazi ni juu yetu. Tunaomba saruji, fundi mkuu na mchoro wenye sahihi.

Majibu tunayaomba kwa maandishi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na barua hii imewekwa kuwa ajenda ya kudumu mpaka itakapojibiwa. Jibu likiwa "hapana", tutalisoma mkutanoni kama lilivyo, pamoja na sababu zake. Mkitaka kuja wenyewe mnakaribishwa sana, ila tunaomba gari mliache kwa mtendaji. Kutoka pale hadi sekondari tutawatembeza kwa miguu, na atakayependa baiskeli nitampa iliyo na breki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli na mjumbe wa halmashauri ya kijiji,
kwa niaba ya wakazi.

Nakala:
Mheshimiwa Diwani
Mtendaji wa Kata
Wakuu wa shule, msingi na sekondari
Mganga Mfawidhi wa zahanati
Mbao za matangazo, vitongoji vyote